Ilani Iliyotolewa na Ilani Iliyofika: Kuhusu Kuondolewa kwa Mkuu wa Baraza la Kijiji

Asiyekuwepo na lake halipo. Methali hii aghalabu hutumiwa kumsuta mtu aliyekosa kuhudhuria kikao kisha akayalalamikia maamuzi yaliyofikiwa humo. Wanaoitumia hawaulizi swali linalopaswa kutangulia, nalo ni iwapo huyo asiyekuwepo aliarifiwa kuwa kikao kingekuwepo. Pale ambapo kikao chenyewe kimeitishwa ili kumng'oa mtu katika cheo alichopewa kwa kura, kuliacha swali hilo ni kuigeuza methali ya wahenga kuwa silaha mikononi mwa waliomficha habari.

Suala linalojadiliwa hapa ni hilo: ni lini inapoweza kusemwa kwa haki kwamba mkuu wa baraza la kijiji, aliyechaguliwa na wanakijiji wenyewe, amepewa ilani ya mkutano wa kumwondoa? Kwa mtazamo wa haraka, hili ni suala la wanasheria na halina nafasi katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Hata hivyo, mtu akizisoma kesi zilizoamuliwa kulihusu, atagundua kwamba ugomvi wenyewe ni wa kitenzi. Mawakili husimama mahakamani kubishania maana ya "kutoa", maana ya "kutuma" na maana ya "siku". Hayo ni mambo ambayo mwanafunzi wa semantiki hukesha akiyasoma, na ni ajabu kuwa huwaachia wengine wayaamue.

Hakuna mahali ambapo suala hili limezua mashauri mengi kuliko India. Nchi hiyo ilifanyia katiba yake marekebisho ya 73, yaliyoanza kutumika tarehe 24 Aprili 1993, na kuyapa mabaraza ya vijiji, yaani panchayati, nafasi ndani ya katiba yenyewe. Muda wa baraza uliwekwa kuwa miaka mitano. Aidha, angalau theluthi moja ya viti, pamoja na vyeo vya wakuu wa mabaraza, ilitengewa wanawake. Majimbo kadhaa yaliongeza kiwango hicho hadi nusu, Bihar ikitangulia mwaka wa 2006. Mkuu wa baraza la kijiji huitwa sarpanchi katika majimbo mengi, na pradhani katika mengine kama Uttar Pradesh. Katiba hiyo ilieleza vizuri jinsi mabaraza yanavyoundwa, ila utaratibu wa kumwondoa mkuu kabla ya muda wake kwisha iliwaachia watunga sheria wa kila jimbo. Hapo ndipo tofauti zilipoanza. Uttar Pradesh, kwa sheria yake ya mwaka wa 1947, hudai ilani ya siku zisizopungua 15 na wingi wa thuluthi mbili. Huko Maharashtra, sheria ya mwaka wa 1958 huwataka wanachama wanaotaka kumwondoa sarpanchi wapeleke hoja yao kwa afisa wa serikali wa eneo hilo, kisha afisa huyo ndiye anayeitisha mkutano maalumu.

Jambo la afisa huyu si dogo. Sarpanchi ndiye mwenyekiti wa vikao vya kawaida, na kama yeye ndiye angekuwa mwitishaji, mkutano wa kumwondoa usingeitishwa hadi siku ya kiama. Kwa upande mwingine, kama wapinzani wake ndio wangekuwa waitishaji, mkutano ungeitishwa usiku, nyumbani kwa mmoja wao, na asubuhi kijiji kingeamka na mkuu mpya. Ndiyo maana sheria ikamtafuta mtu wa tatu. Hata hivyo, mtu huyo wa tatu naye hutegemea tarishi, karani au posta, na safari ya karatasi kutoka ofisini kwake hadi mlangoni mwa sarpanchi ndiyo safari yenye vichaka vingi kuliko zote.

Kesi ambayo mahakama za India hurejelea hadi leo katika mashauri ya aina hii haikutoka kijijini hasa, bali katika baraza la mji mdogo wa jimbo la Mysore wakati huo. Ni kesi ya K. Narasimhiah dhidi ya H. C. Singri Gowda, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya India mwaka wa 1964. Rais wa baraza la mji alikuwa ameondolewa kwa kura ya kutokuwa na imani naye. Sheria ilitaka madiwani wapewe ilani ya siku tatu kamili kabla ya mkutano maalumu. Ilani zilitumwa mapema, lakini kuna madiwani ambao ziliwafikia siku zikiwa zimepungua. Swali likawa: je, "kupewa" kulitimia siku ilani ilipotumwa, au siku ilipomfika diwani? Mahakama ilisema kwamba kupewa kitu hakukamiliki kwa kutuma tu. Hukamilika kitu kinapofika mikononi mwa anayepewa, au kinapoletwa mbele yake naye akakikataa kwa hiari yake.

Msomi wa Kiswahili atatabasamu hapa, kwa kuwa lugha yake ililitatua tatizo hili muda mrefu kabla ya majaji kuketi. Tazama vitenzi vyenyewe. "Katibu alitoa ilani" ni sentensi iliyokamilika. Ina mtenda na ina kitu kilichotolewa, ila mpokeaji hayumo, na sarufi haimdai. "Katibu alimpa ilani" haiwezi kusimama bila mpewa, kwani kiambishi cha yambwa tendewa kimekaa ndani ya kitenzi kama shahidi. "Katibu alimpelekea ilani" ina mpokeaji, lakini haina hakika ya kufika. Mtu anaweza kusema bila kujipinga kwamba katibu alimpelekea ilani lakini haikufika. Jaribu kusema kwamba katibu alimfikishia ilani lakini haikufika, na sentensi itakuvunjikia mdomoni. Katika "fikishia" mna mzizi wa kufika, mna kauli ya kutendesha inayomtwika mtumaji mzigo wa kuhakikisha kufika huko, na mna kauli ya kutendea inayomtaja aliyekusudiwa. Viambishi viwili vidogo vimebeba kanuni nzima ya sheria.

Majina nayo yana siri zake. Nchini Kenya neno linalotumika sana ni "ilani", nchini Tanzania wengi husema "notisi" au "taarifa", na huko Tanzania "ilani" huwapeleka wengi moja kwa moja kwenye ilani ya uchaguzi ya chama cha siasa. "Ilani" asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya kutangaza hadharani. "Arifa" na "taarifa" zinatokana na mzizi mwingine wa Kiarabu wenye maana ya kujua. Tofauti hii yafaa kutiliwa maanani. Kutangaza ni tendo la mtangazaji, ilhali kujua ni hali ya msikilizaji. Mtu anaweza kutangaza jangwani akawa ametangaza kweli, lakini hawezi kumwarifu mtu ambaye hakujua lolote. Huenda basi ingefaa zaidi hati ya kumwita mkuu wa kijiji aje kupigiwa kura iitwe arifa, na "ilani" ibaki kuwa ile inayobandikwa ubaoni kwa ajili ya umma. Mazoea, hata hivyo, ni mabwana wagumu, na makala haya yataendelea kutumia "ilani" kama Wakenya wengine.

Uamuzi wa mwaka wa 1964 ulikuwa na nusu ya pili. Mahakama, baada ya kusema kwamba ilani haikutolewa ipasavyo, iliongeza kuwa sharti la siku tatu lilikuwa la kuelekeza, wala si la kulazimisha. Upungufu wa siku haukuwa umemdhuru mtu yeyote wala kuathiri matokeo, na kwa hiyo kura ikabaki halali. Rais akaenda zake. Ni rahisi kuielewa busara iliyomo. Kama kila kasoro ndogo ya ilani ingeweza kubatilisha mkutano, diwani mmoja aliyejificha shambani kwa siku mbili angeweza kuwashika mateka wenzake wote. Posta ikichelewa wilaya moja, serikali ya mtaa ingekwama. Katika baraza la mji, ambapo madiwani huonana kila juma na habari huzunguka sokoni kabla ya adhuhuri, pengine busara hiyo haikosei sana.

Ikihamishiwa kijijini, busara hiyo yaweza kuwa hatari. Mahakama za majimbo zimeitumia katika mashauri ya masarpanchi, mara nyingine zikisema kwamba kuandaa ilani ni lazima ila kumfikia kila mhusika ni jambo la kuelekeza tu. Kipimo kinachotumika huwa ni iwapo mlalamishi alidhurika. Lakini ni nani anayebeba mzigo wa kuthibitisha dhara? Ni yule aliyeondolewa. Mtu ambaye hakujua mkutano ungekuwepo anaombwa aeleze angesema nini kama angejua, angemshawishi nani, na kura ngapi zingebadilika. Anadaiwa ushahidi wa jambo ambalo lilizuiwa lisitokee. Hili ni dai zito, na linamwangukia mtu asiye na wakili kwa urahisi kuliko linavyomwangukia rais wa baraza la mji.

Uzito huo humwelemea zaidi mwanamke. Tangu mwaka wa 1993, wanawake wengi sana wameingia katika mabaraza ya vijiji vya India kwa viti vilivyotengwa. Pamoja na mafanikio hayo kukazuka desturi ya mume, shemeji au baba mkwe kushika muhuri na kuketi katika kiti cha mkuu huku aliyechaguliwa akibaki jikoni. Desturi hiyo ina jina lake kule, na huzungumzwa waziwazi. Sasa fikiria tarishi anayefika na ilani nyumba kama hiyo. Anapiga hodi, anatoka mwanamume, anatia sahihi, tarishi anaondoka akiwa ametimiza kazi yake. Katika daftari la ofisi, sarpanchi amepewa ilani. Ikiwa mwanamume huyo amekwisha kuelewana na wapinzani wa mke au shemeji yake, au hata akiwa tu amesahau karatasi mfukoni mwa shati, sarpanchi ataisikia habari ya kuondolewa kwake kisimani. Kanuni za mashauri ya madai za India zilikuwa zikiruhusu hati kukabidhiwa mtu mzima wa kiume wa familia, hadi zilipobadilishwa mwaka wa 1976 ili mwanamke naye aweze kuipokea. Badiliko hilo lilimfanya mwanamke kuwa mpokeaji halali wa barua za wengine. Halikuhakikisha kwamba barua zake mwenyewe zingemfikia.

Kuna wanaopinga mkazo huu wa kufika, nao wana hoja. Wakuu wengi wa vijiji wanaokimbilia mahakamani kudai kwamba hawakupata ilani walikuwa wakiifahamu vyema. Walifunga nyumba, wakaenda kwa wakwe, wakamwagiza mtoto aseme baba hayupo. Wengine walimwona tarishi akipinda kona wakatokea mlango wa nyuma. Ni kweli, na yeyote aliyewahi kudai deni anamfahamu mtu wa aina hiyo. Sheria, hata hivyo, imekuwa na dawa yake kwa zaidi ya karne. Sheria ya India ya mwaka wa 1897 kuhusu tafsiri ya sheria inasema kwamba barua ikiandikwa anwani sahihi, ikalipiwa na kutumwa kwa rejista, itahesabiwa kuwa imemfikia mlengwa mpaka kinyume chake kithibitishwe. Anayeletewa akakataa, kukataa kwake ni kupokea. Asiyepatikana, hati hubandikwa mlangoni mwa makao yake mbele ya mashahidi. Mkwepaji hana pa kukwepea. Kwa hivyo hila za wakwepaji haziwezi kuwa sababu ya kumnyima ilani asiyekwepa. Afisa aliyepiga hodi mara tatu, akabandika na kuandika majina ya mashahidi, hana haja ya kuiomba mahakama imwonee huruma kwa kuita sharti la sheria kuwa ni la kuelekeza tu.

Hoja ya pili ya wapinzani ni nzito zaidi. Wanasema kwamba kura ya kutokuwa na imani si kesi. Mwaka wa 1974, katika shauri la Babubhai Muljibhai Patel dhidi ya Nandlal Khodidas Barot, lililohusu rais wa manispaa katika jimbo la Gujarat, Mahakama ya Juu ya India ilitofautisha hoja ya kulaani na hoja ya kutokuwa na imani. Hoja ya kulaani lazima ieleze makosa. Hoja ya kutokuwa na imani haihitaji kutaja kosa lolote, kwa kuwa imani ikishatoka imetoka. Kama hakuna mashtaka, wanauliza, ilani ni ya nini? Sarpanchi atajitetea dhidi ya nini?

Jibu ni kwamba wanaouliza hivyo wameuona mkutano kuwa ni kuhesabu mikono tu. Sheria ya Maharashtra haikuuona hivyo. Inampa sarpanchi anayetaka kuondolewa haki ya kuzungumza katika mkutano huo, na hata haki ya kupiga kura. Haki ya kuzungumza haina maana kwa mtu asiyejua kuna mazungumzo. Zaidi ya hayo, siku zilizopo baina ya ilani na mkutano si siku tupu. Ndizo siku za kumwendea mwanachama aliyekasirika kwa sababu bomba la maji halikufika upande wake, na kumwonyesha hesabu za fedha. Ndizo siku za wazee kupatanisha, na za wapiga kura wa kawaida kuwauliza wawakilishi wao kulikoni. Wanafunzi wanaokumbuka Kusadikika ya Shaaban Robert wanajua kwamba Karama alikuwa na washitaki wenye nguvu na baraza lililokwisha kumchukia, na utetezi wake haukuwa kukana mashtaka. Aliwasimulia visa vya wajumbe sita, na kwa visa hivyo akabadili fikira za waliokuja kumhukumu. Kama Majivuno angemshitaki Karama akiwa hayupo, kazi ile isingekuwa na kurasa za kutosha kuitwa kitabu.

Nao wanachama wa kawaida wa baraza wasisahauliwe. Mijadala mingi humtazama anayeondolewa peke yake, ilhali ilani ni haki ya kila anayepiga kura. Kumwondoa mkuu kwa thuluthi mbili kunaweza kutegemea ni nani hakuambiwa. Katika baraza la watu tisa, kuwasahau wawili si usahaulifu.

Wanasheria wa Uingereza wana kisa wanachokipenda, cha Dakta Bentley wa Chuo Kikuu cha Cambridge, aliyevuliwa shahada zake bila kusikilizwa. Mwaka wa 1723 jaji mmoja katika shauri hilo alikumbusha kwamba hata Mwenyezi Mungu hakumhukumu Adamu kabla ya kumwita na kumuuliza. Kisa cha mwaka wa 1863, cha Cooper dhidi ya bodi ya ujenzi ya Wandsworth, ni kitamu zaidi kwa madhumuni ya mjadala huu. Cooper alidaiwa kuanza kujenga bila kuipa bodi ilani ya siku saba iliyotakiwa na sheria, bodi nayo ikaibomoa nyumba yake bila kumsikiliza. Mahakama ilisema bodi ilikosea. Sheria haikuwa imetaja wajibu wa kumsikiliza mjenzi, lakini haki ya kawaida iliujaza ufa huo. Yaani hata mtu anayeshutumiwa kwa kutotoa ilani alistahili kuitwa kwanza. Kisha mwaka wa 1963, mwaka mmoja kabla ya kesi ya Narasimhiah, mabwana wa mahakama kuu ya rufani ya Uingereza waliamua katika kesi ya Ridge dhidi ya Baldwin kwamba kuachishwa kazi kwa mkuu wa polisi wa mji wa Brighton kulikuwa batili, kwa sababu hakuelezwa mashtaka wala hakupewa nafasi ya kujitetea. Ni tofauti ya kushangaza. Mahakama moja ilisema kasoro hiyo huua uamuzi, na mwaka uliofuata nyingine ikasema kasoro ya siku yaweza kusamehewa.

Afrika Mashariki, nchi ambayo suala hili linaigusa moja kwa moja ni Tanzania. Wanakijiji wa huko humchagua mwenyekiti wa kijiji kila baada ya miaka mitano, uchaguzi wa karibuni ukiwa ule wa Novemba 2024. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka wa 1982 inaupa mkutano mkuu wa kijiji, wenye wakazi wote waliofikia umri wa miaka 18, uwezo wa kuichagua halmashauri ya kijiji na kumwondoa mjumbe yeyote wa halmashauri hiyo au wote. Haya ni mamlaka makubwa kuliko ya wanachama wa panchayati, kwani yamo mikononi mwa kijiji kizima. Lakini mwenyekiti ndiye anayeongoza mikutano hiyo, na katibu wake ni afisa mtendaji wa kijiji, ambaye ni mwajiriwa na hakupigiwa kura na mtu. Mwenyekiti na mtendaji wakielewana, mkutano wa kumhoji mwenyekiti hauitishwi. Wakikosana, mtendaji ndiye mwenye kalamu. Tangazo la mkutano hubandikwa kwenye mbao za matangazo au huenezwa kwa kipaza sauti, nalo ni tangazo la umma. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, ila mbiu humwita kila mtu kwa sauti moja. Haimwambii mmoja wao kwamba leo jambo ni yeye.

Tanzania imepiga hatua nyingine ambayo yapaswa kuwatia wivu Wakenya. Marekebisho ya mwaka wa 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kabla ya hapo, mwenyekiti wa kijiji aliyetaka kusoma kifungu kilichotumiwa kumwondoa alikikuta kwa Kiingereza. Ilani inayotaja kifungu ambacho mlengwa hawezi kukisoma imefika mlangoni pake tu. Nchini Kenya, ambako katiba ya mwaka wa 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi, matangazo ya serikali yangali yakiandikwa kwa Kiingereza kwa wingi, na mwananchi hutafutiwa mwanafunzi wa shule amsomee.

Kenya haina mkuu wa kijiji aliyechaguliwa. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka wa 2012 inataja baraza la kijiji lenye msimamizi na wazee wasiopungua watatu wala kuzidi watano, lakini hao huteuliwa. Hata hivyo, kifungu cha 47 cha katiba kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa uadilifu na wenye mamlaka, na sheria ya mwaka wa 2015 iliyotungwa kukitekeleza inataka anayeathiriwa na uamuzi apewe ilani ya mapema na ya kutosha. Maneno "ya kutosha" yana nafasi kubwa ya kufasiriwa, na itakuwa vyema yafasiriwe na watu wanaojua lugha. Wala si lazima kwenda mbali. Vyama vya ushirika, vikundi vya kina mama vya kuweka akiba, na hata vyama vya wanafunzi vyuoni vina wenyeviti wanaochaguliwa na kuondolewa. Ni vyama vingapi ambavyo katiba zake zinasema mwenyekiti "atapewa notisi" bila kueleza na nani, kwa njia gani, na kwa siku ngapi?

Siku nazo zina mtego wake. Siku tatu kamili, kwa hesabu ya sheria, haziihesabu siku ya kupokea wala siku ya mkutano. Aliyepewa ilani Jumatatu hawezi kuitwa kabla ya Ijumaa. Lakini mzungumzaji wa Kiswahili aliyezoea kesho, kesho kutwa na mtondo huanza kuhesabu mapema zaidi, na kwake mtondo ni Alhamisi. Tena kwa hesabu ya Waswahili siku huanza magharibi jua linapotua, kwa hivyo ilani iliyoletwa Jumatatu baada ya swala ya magharibi imeletwa usiku wa kuamkia Jumanne, na kwao huo ni wa Jumanne. Kuna na saa pia. Karani anayefasiri ilani ya Kiingereza na kuhamisha tarakimu ya tisa kama ilivyo atamleta mkuu wa kijiji saa tisa alasiri, akute viti vimekwisha kupangwa upya tangu saa tatu asubuhi.

Idara za Kiswahili zimekuwa zikifasiri fasihi na Maandiko, na sasa programu za kompyuta. Fomu ya ilani ni karatasi moja, na kuifasiri ni kazi ya alasiri moja. Iandikwe kwa kitenzi "fikishia". Chini yake pawe na nafasi ya tarehe, ya saa kwa hesabu ya Kiswahili pamoja na neno la asubuhi au alasiri, ya jina la aliyeileta, na ya lugha ambayo kwayo ilisomwa kwa asiyejua kusoma. Palipozoeleka kuandikwa "imepokewa na" na sahihi ya yeyote aliyetoka mlangoni, paandikwe "nimefikishiwa", kwa nafsi ya kwanza, na pasiwe na mtu mwingine anayeruhusiwa kutia sahihi hapo isipokuwa mwenye jina.